Mama kaniuliza mbona nimepanda mawe

Juzi Jumapili nlikuwa naongea na mama kwa video kama kawaida yetu, yeye kakaa jikoni kwake Makete, kitenge kiunoni, sweta juu, moto pembeni, mimi niko nje huku Perthshire, Scotland, na kikombe cha chai kinachopoa kabla sijakinywa, nikasema ngoja nimgeuzie simu nimwonyeshe sinki langu. Sinki kweli, lile la zamani la kuoshea vyombo, zito balaa, tulilibeba watu watatu na mume wangu mpaka leo akiliona anashika kiuno. Mama akaangalia weee, akasogeza simu mpaka nikawa naona pua tu, halafu akasema, "Mwanangu, mbona umepanda mawe?"

Nikacheka mpaka chai ikamwagika. Lakini hakukosea, mwezi wa tatu ndo linavyoonekana, mawe juu, mawe chini, na katikati vijani vidogo vya rangi ya majivu ambavyo kama hujui unaweza kudhani ni uchafu umepeperushwa na upepo. Nikamwambia mama subiri mwisho wa mwezi wa tano. Akasema sawa, ila kwa sauti ile ya kumkubalia mgonjwa.

Sasa hii naandika kwa ajili yake, mdogo wangu atamsomea, na kwa ajili ya nyie wenzangu mlioko kwenye baridi, Norway, Kanada, huku Scotland, popote mnapoamka mwezi wa sita bado mna soksi mbili. Kuna ua moja la njano limeniteka na sitaki kuwa mwenyewe kwenye hili.

Ni mpopi wa milimani, hao wanaoitwa poppy kwa Kiingereza. Jina lake la kitaalamu ni Papaver alpinum, kwao ni milima ya Alps na milima mingine ya Ulaya, juu kabisa kule ambako miti imeshakata tamaa. Wapo weupe, wapo wa machungwa, ila mimi wa njano ndo mgonjwa wao. Mmea wote hauzidi sana urefu wa kiganja cha mkono, majani yamechanwachanwa membamba, hayana shina la kueleweka, halafu kila ua linasimama peke yake juu ya kijiti chembamba chenye vinywele. Upepo ukipiga kidogo tu vyote vinatikisika.

Na kabla hamjaniuliza, hapana, silimi afyuni. Yaani nikimtajia Mtanzania neno popi cha kwanza anaangalia mlango. Afyuni inatoka kwenye mpopi mwingine, Papaver somniferum, ule mkubwa unafika kiunoni, ni ukoo mmoja lakini kila mtu na tabia zake. Halafu kuna ndugu wa ukoo huo mmeshapishana naye mara mia, yale magugu ya miiba yenye majani ya kijani yenye michirizi myeupe na ua la njano laini kabisa, yanaota kando ya barabara na kwenye viwanja vilivyotelekezwa, ukivunja kijiti yanatoa maji ya njano. Lile ni Argemone mexicana, limetoka Mexico, limezagaa Tanzania nzima na mbegu zake ni sumu. Nikiwa mtoto nililichuma nikachomwa nikalia, mama anakumbuka. Kumbe nlikuwa nimeshakutana na mpopi wa njano zamani, ila hatukuelewana.

Turudi kwenye sinki. Wa kwanza niliununua dukani, mmoja kwenye kopo dogo, tayari una maua mawili. Nikaupeleka nyumbani kama mgeni rasmi. Mimi nimekulia kwenye viazi na pareto, kwetu ukitaka kumheshimu mmea unampa samadi, kwa hiyo nikachimba shimo zuri nikamwaga mbolea ya farasi iliyooza vizuri, udongo mweusi, maji kila jioni. Ukanenepa! Majani yakajaa kama mchicha, nikapiga picha nikatuma kwenye grupu la familia. Maua hayakuongezeka. Mwezi wa kumi na moja nikaushika kidogo hivi nione hali yake ukabaki mkononi mwangu, mzima, umekatika shingoni, chini kumeoza kama ndizi iliyosahaulika. Niliulisha mpaka ukafa.

Wa pili nao hivyohivyo, maana mwanzoni nlidhani ni baridi nikaufunika na plastiki, ukaoza mapema zaidi.

Aliyenifungua macho ni mzee wa jirani. Mzee huyu haongei sana, miaka miwili ya kwanza tulikuwa tunasalimiana habari za mvua tu, siku moja kanikuta nimechuchumaa kwenye kaburi la mpopi namba mbili akauliza nimeupa nini, nikamwambia kwa majivuno samadi, akafumba macho. Kweli kafumba macho, kama mtu aliyesikia msiba. Akaenda kwake akarudi na ndoo ya changarawe.

Alivyonieleza ni hivi. Kwao mpopi huu unaishi kwenye miteremko ya mawe yaliyovunjikavunjika, yale ambayo ukikanyaga yote yanateremka na wewe. Juu ni mawe makavu, hakuna chakula cha maana, chini kabisa ndo kuna ubaridi na unyevu kidogo, kwa hiyo mmea unashusha mzizi mmoja mrefu kuufuata huko, na mawe yakihama unajivuta nayo. Winta ikija theluji inaufunika miezi kadhaa, na chini ya theluji, sikilizeni hapa, ni pakavu na baridi yake haibadilikibadiliki, umelala salama kama uko kwenye friji. Huku kwetu winta siyo hiyo. Huku inanyesha wiki nzima, usiku inaganda, asubuhi inayeyuka, mchana inanyesha tena, na maji yanasimama pale shingoni mwa mmea ambapo majani yanaanzia. Baridi yenyewe haina shida nayo. Braemar, kijiji siyo mbali sana na hapa, imewahi kufika nyuzi 27 chini ya sifuri, 1895 na tena 1982, na mpopi hata usingeshtuka, mradi tu miguu imekauka.

Kwa hiyo sinki likajazwa hivi: vikombe viwili vya changarawe kali, ile yenye kona siyo ya mviringo ya mtoni, kikombe kimoja cha udongo wa kawaida, kimoja cha majani yaliyooza. Mbolea hakuna. Tundu la sinki liachwe wazi na chini uweke vigae vya vyungu vilivyovunjika maji yatoke. Halafu juu, na hii ndo siri yenyewe, sentimita mbili au tatu za kokoto tupu, ili shingo ya mmea ikae juu ya mawe na siyo juu ya udongo uliolowa. Jua kamili. Kuanzia mwezi wa kumi na moja naweka kioo cha dirisha la zamani juu ya matofali manne, mvua isiingie ila upepo upite kote. Mume wangu anasema nimewajengea nyumba kabla ya yeye kujengewa banda la baiskeli, nami simjibu.

Mbegu sasa. Acheni kununua miche, jamani, kwanza inauzwa bei ya kilo ya nyama, pili mzizi ule mrefu hautaki kusumbuliwa, ukiuhamisha mkubwa unanuna hivi halafu unakufa. Mimi napata mbegu kwenye klabu ya huku ya watu wa mimea ya mawe, Scottish Rock Garden Club, wapo tangu 1933 na kila winta wanabadilishana mbegu, unachagua kwenye orodha ndefu, inakuja bahasha na vipaketi vidogo vimeandikwa majina. Mara ya kwanza kufungua kipaketi nlidhani nimetapeliwa. Hamna kitu! Nikakigonga mezani, kumbe zipo, nyeusi, ndogo kama ugoro, na ukipiga chafya umepoteza bustani nzima. Changanya na mchanga mkavu kwanza, kisha nyunyiza juu ya kokoto mwezi wa kwanza hivi, usizifukie, acha nje zipigwe na baridi, na usiende kuangalia kila siku kama mimi. Mwezi wa nne utaona vitu vyembamba kama uzi wa kijani. Wa mwanzo niliwang'oa nikidhani ni magugu.

Adui mkubwa baada ya hapo ni konokono uchi, wale wasio na nyumba, huku Scotland wana afya kuliko sisi. Mche ukiwa na majani manne ni kitafunwa cha mara moja tu. Usiku natoka na tochi na kopo, nimevaa gauni la kulalia na koti la mvua juu, na naamini majirani wana maoni yao.

Lakini sasa siku ya ua.

Kitumba kinaanza kimeinama, kichwa chini kabisa, kina manyoya meusimeusi kama kifaranga aliyelowa, unakaa siku kadhaa ukikiangalia hakisemi kitu. Halafu jioni moja unakuta kijiti kimenyooka, kitumba kinatazama juu. Hapo usilale fofofo. Mwezi wa sita huku saa kumi na nusu alfajiri jua limeshatoka, nikashuka na blanketi nikakaa kwenye ngazi. Yale maganda mawili ya manyoya yanapasuka pembeni, yanasukumwa taratibu, moja linadondoka, unasikia kabisa, tik kwenye kokoto, halafu petali nne zinatoka zimekunjamana vibaya sana, kama kitenge kilichosokotwa kwenye begi safari nzima ya kutoka Dar mpaka Njombe. Unafikiri limeharibika. Dakika zinapita, mikunjo inajinyoosha yenyewe, na jua likilipiga ile njano inawaka kwa ndani, siyo njano ya alizeti, ni nyembamba, unaona mwanga umepita upande wa pili. Mikunjo mingine haiishi, inabaki kidogo mpaka mwisho, na napenda hivyohivyo.

Ua halina asali hata tone, mipopi ndivyo ilivyo, nyuki anafuata chavua peke yake, anaingia anazungukazunguka mle ndani kama mtoto kwenye unga. Siku mbili, tatu kama hamna upepo, petali zinadondoka. Watu wengi hapo ndo wanakata tamaa na mipopi, wanasema mbona haidumu. Mimi sijaona tatizo, maana mmea mmoja ukikata yaliyopita unaendelea kutoa mengine mpaka mwezi wa nane, na mmea wenyewe ndo unaishi miaka miwili mitatu tu, kwa hiyo ni heri kuacha machache yakomae. Ua likishapita kinabaki kibuyu kidogo kimesimama, kikikauka kinafunguka vitundu vidogo juu chini ya kifuniko, upepo ukikitikisa mbegu zinanyunyizika kama chumvi mezani. Usikusanye zote. Mwachie aamue mwenyewe baadhi zitaota wapi, ana akili kuliko wewe.

Kuna ndugu yake wa kaskazini, Papaver radicatum, nimemsoma usiku mwingi mpaka mume akanizimia taa. Huyo anaishi mpaka ncha ya kaskazini ya Greenland, latitudo ya zaidi ya nyuzi 83, juu ya hapo ardhi imeisha. Kule kiangazi ni kifupi mno na jua halizami, linazunguka tu, basi ua lake linageuka nalo, mchana usiku uso unafuata jua. Na lilivyo kama bakuli linakusanya joto katikati, kunakuwa na nyuzi kadhaa zaidi ya hewa ya nje, mbegu zinakomaa haraka. Wadudu wamelijua hilo, wanakuja kukaa mle ndani siyo kula tu, wanaota jua. Kama sisi tunavyoota moto jikoni kwa mama. Hii nlimwambia na akaipenda, ndo sehemu pekee aliyouliza swali la pili.

Mtu akitaka kuanza na rahisi achukue mpopi wa Wales, wa njano pia, mkubwa zaidi, huo hautaki sinki wala kioo, unaota kivulini, kwenye ufa wa ukuta, nyuma ya mapipa ya taka, popote. Chama cha siasa cha Wales, Plaid Cymru, kimeuweka kwenye nembo yake tangu 2006 na nadhani walichagua vizuri, maana ukishaingia hautoki. Wataalamu wenyewe uliwachanganya: Linnaeus, yule mtaalamu aliyeipa mimea majina, aliuita Papaver 1753, 1814 ukahamishiwa kwa akina Meconopsis, mipopi ya Himalaya, ukakaa huko karibu miaka mia mbili, halafu 2011 vipimo vya DNA vikasema hapana, ni Papaver, rudisheni kwao. Karibuni wameanza kumpa na mpopi wa milimani jina jipya, Oreomecon, mimi sibadilishi vibao vyangu, nimechoka. Ila msipande wa Wales karibu na sinki la wadogo, utawameza. Ule wanaouita wa Iceland, unaouzwa sana, kwao siyo Iceland kabisa ni Siberia na Mongolia, ni mzuri kwenye chombo cha maua mezani, rangi kali kama pipi. Sina zaidi ya kusema.

Wa njano mwingine ambao siwezi kuunyamazia ni Meconopsis integrifolia, wa milima ya Tibet na magharibi mwa China. Nyumba moja ya biashara ya mimea ya Uingereza, Veitch, ilimtuma kijana anaitwa Ernest Wilson China mahsusi kuutafuta, akaupata Julai 1903 juu kabisa milimani, na waliporidhika wakampa pini ya dhahabu yenye umbo la ua hilo na almasi juu yake. Mtu kavuka dunia kwa ajili ya mbegu za ugoro! Ukitaka kuona ukoo huo wa Himalaya nenda Branklyn, pale mjini Perth, bustani ya ekari mbili hivi mlimani, mtu na mkewe waliianza 1922 nyumbani kwao. Mimi kwangu sijaujaribu. Unakua miaka kadhaa, unatoa maua mara moja, unakufa mzima mzima, na moyo wangu kwa hilo bado.

Mama nilipomsimulia habari za Wilson kakaa kimya kisha akasema, "Sasa si ungebaki tu Kitulo." Na kweli sikuwa na jibu. Kitulo ipo pale juu yetu, mita 2,600, watu wanaiita Bustani ya Mungu, hifadhi ya taifa tangu 2005, mvua zikishika kuanzia mwezi wa kumi na mbili ni maua mpaka upeo, aina zaidi ya 40 za okidi, na sisi watoto tulikuwa tunapita katikati kama mtu anavyopita kwenye nyasi, kichwani tuna mzigo wa kuni, hakuna aliyeinama. Tulizijua zile za kuchimba tu, za chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi vya okidi, zilikuwa zinapelekwa Zambia kuliwa. Nimekuja kujifunza kuinama mbele ya ua Scotland, nimeshapita miaka thelathini, na nyumbani nimeliacha zulia zima. Desemba nikijaliwa naenda na mama, kaniahidi atapanda, magoti yakikubali.

Mdogo wangu wa Dar yeye kaniomba mbegu. "Dada, nina balkoni." Nikamwambia balkoni ya Mbagala usiku nyuzi 26, mpopi huu utakufa kabla hujafungua bahasha, na hata hivyo mbegu hazivushwi mipaka hivihivi bila cheti cha afya ya mimea. Kanuna siku mbili. Mbeya mjini au Lushoto ningefikiria. Makete kwa mama ningefikiria zaidi, usiku wa mwezi wa saba unakuta barafu kwenye majani ya viazi, ila masika ya kule ni ya kweli, ingebidi nimpelekee na kioo cha dirisha.

Mwaka jana mpopi mmoja uliruka. Haukuota kwenye sinki nililoliandalia kwa vikombe na vipimo, uliota kwenye ufa wa ngazi ya mlango wa nyuma, kati ya jiwe na jiwe, mahali ambapo hata mchwa angelalamika njaa, pale pale ambapo mume wangu anavulia buti akitoka kazini. Sikusema kitu. Nikawa naangalia nione atafanya nini, mtu ambaye kwa miaka yote amesema maua yangu ni mawe yenye gharama. Wiki ya kwanza akawa anaziweka pembeni kidogo. Wiki ya pili kitumba kikanyooka, maua manane yalitoka pale mpaka mwezi wa nane, na buti zake sasa zinakaa sebuleni, na matope yake.

Leo asubuhi nimechungulia ule ufa. Vijani vya majivu vipo, vitatu. Mama, nitakutumia picha.